Naombeni ushauri kuhusu muvi za samurai na heshima yao

Wakuu habari za jioni. Mi tangu mdogo naamini samurai, yule mpiganaji wa Kijapani wa zamani, ni mtu wa heshima, bora afe kuliko aaibike, sasa juzi nikaangalia Harakiri ya mwongozaji Masaki Kobayashi, ile ya 1962, na mpaka leo sijakaa sawa. Kuna kijana ronini, yaani samurai asiye na bwana, mke na mtoto wagonjwa, panga za chuma kashauza kaweka za mianzi, anaenda kwenye nyumba ya wakubwa kuomba ajiue pale akitegemea watamhurumia wampe chochote, wao wanamlazimisha ajipasue tumbo kweli na huohuo mwanzi. Anausukuma, hauingii. Nililia wakuu. Mwishoni vazi la vita la mababu wa nyumba ile linarudishwa mahali pake kama hakijatokea kitu.

Sasa mdogo wangu ana miaka 14 anazipenda sana hizi muvi, anataka tuangalie wote. Nimuanzishie na Seven Samurai ya Kurosawa, ya 1954, wanakolinda wakulima kwa kulishwa wali tu, au nimuoneshe hii kwanza ajue heshima inaweza kugeuzwa rungu la kumpigia maskini? Waliozoea hizi muvi mngeanza na ipi?