Dobrosin iko Serbia, mbona jeshi la Serbia halikuingia?

BiMwalimu_Wete: Assalaam alaykum. Nina suali la somo la kidato cha sita. Dobrosin ni kijiji cha Waalbania ndani ya Serbia, lakini mwaka 2000 wapiganaji walikaa pale waziwazi, jeshi haliwagusi. Ilikuwaje? Na ule ukanda wa kilomita 5 ambao jeshi lilikatazwa kuingia nauchora upande gani wa mstari?

Mkunazini: Waalaykum salaam, mwalimu. Dobrosin iko wilaya ya Bujanovac, ubavuni mwa Kosovo. Chanzo ni Mkataba wa Kumanovo wa 9 Juni 1999, kati ya NATO na Yugoslavia, nchi ambayo Serbia ilikuwa ndani yake wakati ule. Jeshi la Yugoslavia lilitolewa Kosovo, kisha likatakiwa lirudi nyuma kilomita 5 zaidi, ndani ya nchi yake mwenyewe, lisije likagongana na KFOR, kikosi cha kulinda amani Kosovo kilichoongozwa na NATO. Ukandani wakabaki polisi wa kawaida wenye silaha ndogo tu. Hapo ndipo palipoharibika: jeshi limezuiwa, KFOR nayo kazi yake inaishia kwenye mstari wa Kosovo, na polisi wale hawana ubavu wa kupambana na kikosi kilichojipanga milimani. Kundi la wapiganaji wa Kialbania, UÇPMB, likaingia kwenye mwanya huo, Dobrosin ikawa ngome yake.

Ramani: chora kwanza mstari wa Kosovo kwa wino mzito. Kwa skeli ya 1:250,000, kilomita 5 ni sentimita 2. Kwa 1:50,000 ni sentimita 10. Pima kutoka kwenye mstari kuelekea Serbia. Wanafunzi wengi huupeleka ndani ya Kosovo, wakishafanya hivyo hadithi nzima haieleweki tena. Mstari una mapindo mengi, kwa hiyo tumia bikari: weka alama nyingi, kisha ziunganishe. Mpaka wa Kosovo na Macedonia uache, ukanda haukuingia Macedonia. Ukikutana na kilomita 25, hizo ni za ukanda mwingine, wa kuzuia ndege za kijeshi angani.

ChakeRamani: Naongeza, na hili tafadhali liwekeeni mkazo darasani: UÇPMB si UÇK, lile jeshi la ukombozi la Waalbania wa Kosovo. Herufi PMB ni wilaya tatu, Presheva, Medvegja na Bujanoc, kwa majina ya Kialbania. UÇK ya Kosovo ilishaweka silaha chini 1999. Ukanda nao haukufutwa siku moja. NATO ilianza kuurudisha kwa jeshi la Yugoslavia vipande vipande, yaani kwa sekta, Machi 2001, na sekta B, yenye Dobrosin, ikawa ya mwisho. Kabla ya sekta hiyo kurudishwa, wapiganaji walikubali katika kijiji cha Končulj, 20 Mei 2001, kuvunja kikosi. Serbia nayo ikaahidi msamaha na polisi wa mchanganyiko wa Waserbia na Waalbania. Mwisho wa mwezi ule jeshi likawa limesharudi.

Mkunazini: Ahsante Chake. Mwalimu, ukitaka idadi ya wakaazi, usitumie sensa ya 2011: Waalbania wengi wa Bujanovac na Presheva waliisusia, takwimu zake zinapotosha. Chukua ya 2002. Na ukiandika jina la mstari kwa miaka ya baada ya 17 Februari 2008, weka yote mawili: kwa Kosovo ni mpaka wa nchi, kwa Serbia ni mstari wa kiutawala tu.