Video inaanza yenyewe kwenye laptopu, kwenye simu imeganda

Mpigapicha Kirumba
Wakuu, heshima kwenu. Namtengenezea shemeji tovuti ya nyumba yake ya wageni pale Capri Point, Mwanza. Juu kabisa kuna video niliyopiga jioni, jua linazama nyuma ya Jiwe la Bismarck, mawimbi yanasikika na ngoma kwa mbali. Nimeandika autoplay, ile amri ya video kujianzisha. Kwangu inacheza na sauti yake, shemeji akifungua kwa simu haisogei. Kwa nini?

Wa Nyegezi
Ongeza muted, ianze bila sauti.

Fundi Igoma
Wa Nyegezi kasema kweli, ila sababu nayo uijue, mkuu. Tangu toleo la 66 la Aprili 2018, Chrome haiachi video yenye sauti ijianzishe mpaka mtu aguse ukurasa. Firefox ikafuata Machi 2019. Laptopu yako inakubali kwa sababu Chrome ya kompyuta inaangalia tovuti ambazo mtu amezoea kutazamia video, na hiyo unashinda nayo. Mteja wa Geita anayeingia mara ya kwanza hana mazoea hayo.

Andika autoplay muted playsinline. Bila hiyo ya mwisho, iPhone haitaianzisha ndani ya ukurasa. Weka na poster, yaani picha ya kuonekana kabla video haijaanza, chagua yako nzuri kabisa, maana iPhone ikiwa kwenye hali ya kuokoa betri hata video ya kimya haianzi. Faili lina ukubwa gani?

Mpigapicha Kirumba
MB 48. Ya kimya imekubali, asante. Ila shemeji anataka sauti, tena iingie yenyewe. Hakuna ujanja?

Fundi Igoma
Hakuna, na ungekuwepo nisingekupa. Mtu anatafuta chumba akiwa anasubiri kivuko cha Kamanga, bando lenyewe la kupima. MB 48 zinamwishia kabla hajaiona bei! Kata sekunde 10, punguza ukubwa wa picha, ondoa kabisa sauti kwenye faili hilo. Lisizidi MB 2.

Mawimbi na ngoma viwe faili la pili, preload="none", lisipakuliwe mpaka aombe. Weka kitufe kinachoonekana, kiandike "Sikiliza mawimbi". Amri ya play iite papo hapo anapobonyeza. Ukiichelewesha, kivinjari kinaweza kuikataa, na kwenye konsoli, pale kivinjari kinapoandika makosa, utakuta NotAllowedError, yaani haikuruhusiwa. Mwambie shemeji hivi: mteja wake anaweza kuwa wodini Bugando anauguza, au yuko msibani. Simu isimpigie ngoma pale kwa sababu tu alitaka kujua chumba ni shilingi ngapi.

Mpigapicha Kirumba
Hilo la msibani limemwingia, kakubali kitufe. Nimekiweka chini ya bei, upande wa kulia. Sauti inaanza mtu akibonyeza, Chrome na Safari zote.

Fundi Igoma
Safi. Weka na cha kuzima, palepale.