Kura ya BBC ya 2002: Wolfe Tones walishinda kihalali au kura zilichakachuliwa?

Wadau, naomba hili tulijadili kwa hoja, maana kila likiguswa watu huishia kurushiana maneno.

Mwaka 2002 BBC World Service ilitimiza miaka 70, ikawaomba wasikilizaji wake popote walipo wachague wimbo wanaoupenda kuliko zote duniani. Zikaingia kura zaidi ya 150,000. Namba moja hawakutoka Beatles wala Abba. Walitoka Wolfe Tones, kundi la nyimbo za asili kutoka Inchicore, Dublin, na wimbo wao "A Nation Once Again". Queen na "Bohemian Rhapsody" yao waliambulia namba kumi. Tangu siku hiyo wapo wanaodai kura zilichakachuliwa, kwa sababu mashabiki walitumiana barua pepe kuhimizana kupiga kura.

Mimi nasema ushindi ule ni halali kabisa.

Hebu tazameni orodha yenyewe. Namba mbili ni "Vande Mataram" ya India. Namba tatu ni "Dil Dil Pakistan" ya Vital Signs. Namba nne ni wimbo wa Kitamil wa Ilaiyaraaja. Mnadhani hao hawakuhimizana? Kampuni kubwa ya muziki ikilipia matangazo mwaka mzima, tunaita promosheni. Fundi ujenzi wa Boston akiwaandikia binamu zake wapige kura, tunaita wizi. Hapo haki iko wapi?

Walioshangaa walishangaa kwa sababu walizoea kupima umaarufu kwa mauzo ya maduka ya London na New York. Wolfe Tones hawakuwa watu wa hesabu hizo. Walianza 1963, wakajiita kwa jina la Theobald Wolfe Tone, kiongozi wa uasi wa 1798 dhidi ya Uingereza. Ndugu wawili, Derek na Brian Warfield, na wenzao Noel Nagle na Tommy Byrne: banjo, mandolini, gita na filimbi ya bati. Wasikilizaji wao walikuwa wametawanyika tangu zamani. Njaa kuu iliyoanza 1845 iliua watu wapatao milioni moja nchini Ireland na kuwavusha bahari wengine zaidi ya milioni. Vizazi vyao wako Boston, Chicago, Liverpool, Sydney. Wako Glasgow, ambako mtawa kutoka Ireland, Brother Walfrid, aliasisi klabu ya Celtic mwaka 1887 ili zipatikane fedha za kuwalisha maskini.

Na wimbo wenyewe umeundwa kubebwa na umati. Maneno aliyaandika Thomas Davis miaka ya 1840. Beti zinamsimulia kijana anayesoma habari za mashujaa wa Ugiriki na Roma, akatamani siku moja nchi yake nayo iwe huru. Beti anaziimba mmoja. Kikifika kiitikio, ukumbi mzima unasimama, na maneno ni yale yale yanarudiwa, kiasi kwamba hata mgeni anayashika kwa mara ya pili tu.

Ila kuna hoja moja ya upande wa pili naipa uzito. Kundi hili lina wimbo mwingine, "Celtic Symphony", ambao kiitikio chake kinaishangilia IRA, kundi la wapiganaji lililotumia mabomu kutaka kuiondoa Uingereza Ireland Kaskazini. Oktoba 2022 timu ya taifa ya wanawake ya Ireland iliifunga Scotland pale Hampden Park, wachezaji wakauimba chumba cha kubadilishia nguo. UEFA ikalitoza faini ya euro 20,000 shirikisho lao, na wachezaji wakaomba radhi. Anayesema "ni muziki tu" simuungi mkono. Aliyefiwa na mzazi kwa bomu Belfast au Birmingham hawezi kuusikia kama anavyousikia kijana wa Boston ambaye hajawahi kuishi mtaa mmoja na mfiwa. Kuupenda wimbo ukiwa mbali ni rahisi, gharama yake wanailipa waliobaki.

Lakini hilo ni suala la wimbo mwingine, na tukio la miaka 20 baadaye. Lisitumike kuifuta kura ya 2002.

Kwa hiyo nawauliza mnaosema kura zilichakachuliwa: katika zile nyimbo kumi bora, ni upi ulipigiwa kura bila watu wake kuhimizana? Na kama namba moja ingekuwa Queen, kwa kampeni ile ile ya barua pepe, mngelalamika?