Naomba ushauri: upasuaji wa mfereji wa machozi kupitia puani

Habari zenu wakuu. Mama yangu jicho la kushoto linatoa machozi muda wote, na ukiminya kwenye kona karibu na pua unatoka usaha. Daktari anasema mfereji wa machozi umeziba, dawa ya matone haitauzibua. Inabidi afungue njia mpya kutoka kwenye kifuko cha machozi hadi puani. Atatumia kamera ndogo inayopita puani, hivyo usoni hapachanwi. Nimesoma kwamba wengi hupona, zaidi ya 8 kati ya 10, ila kovu la ndani linaweza kuiziba tena njia hiyo. Hapo ndipo ninapoogopa, maana mama ana kisukari pia. Mliofanyiwa, machozi yaliisha kabisa? Ule mrija mwembamba wa silikoni unaowekwa ili njia mpya isizibe, mlikaa nao muda gani? Kuna aliyelazimika kurudia?