Majirani wa Mwembeni: mtaro kabla ya masika

Alhamisi

[06:12] Mama Nasra: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi majirani. Narudia ya juzi maana naona tiki za bluu tu, majibu hakuna. Jumamosi hii tunazibua mtaro, kuanzia kwa Bi Kidawa mpaka kwenye kalavati la barabara ya lami. Saa moja kamili asubuhi. Mchango elfu tatu kila mlango, wapangaji pia. Tumeni kwenye namba yangu, na ya kutolea.

[06:15] Mama Nasra: Kuna aliyeniuliza pembeni kwa nini tusisubiri Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Wiki ijayo tukijaliwa mwezi unaandama. Mtu na swaumu yake hawezi kushika chepe kwenye jua hili la Februari. Na wenzetu Wakristo nao wanaingia Kwaresima wiki hiyohiyo. Tukiikosa hii, tunaikuta Machi, na Machi ni masika.

[06:40] Hamisi Boda: 👍

[07:55] Mama Nasra: Hamisi, dole gumba si elfu tatu.

[07:58] Hamisi Boda: Mama, niko kijiweni Mapipa naitafuta hiyohiyo 😂

[09:20] Mama Nasra: Kundi zima hili, aliyejibu ni Hamisi peke yake?

[09:41] Fundi Side: Nipo. Hela jioni nikilipwa. Chepe ninalo, gambuti pia. Ila tuongee jambo moja kabla: tope tunalipeleka wapi? Mwaka jana tulilitoa tukalirundika pembeni, mvua ya kwanza ikalirudisha lote ndani. Safari hii lipakiwe liondoke siku hiyohiyo, la sivyo tunachoka bure.

[09:43] Hamisi Boda: Lipelekeni Msimbazi kwa Mnyama, Simba wamezoea tope msimu huu 😂

[09:44] Fundi Side: We Hamisi. Kila masika mto Msimbazi unaingia Jangwani kwenu Yanga bila hodi na hamna la kuufanya 😂

[09:45] Hamisi Boda: Tuongelee uwanjani fundi, usikimbilie mtoni

[09:45] Zawadi: 😂😂😂

[09:46] Neema Mpangaji: 😂 hii kali

[09:50] Mama Nasra: Zawadi kumbe upo! Utani umeuona, mchango hukuuona? Fundi kauliza la maana, tope linaondoka na nini?

[11:32] Mama Salma Vitumbua: Samahani nilikuwa sokoni. Mimi na mtaro sina ugomvi. Ila meza yangu na ya mwenzangu wa mihogo zimekaa juu ya mifuniko. Ikifunuliwa ikapasuka kama mara ile, futari nitauzia wapi? Mwezi huu ndio ninaolipia ada na kodi. Mchele nimeshanunua, nazi zimepanda, magimbi ndio usiseme, na hata mwezi haujaandama.

[11:36] Mama Nasra: Ndio maana nikasema saa moja asubuhi, Mama Salma. Saa sita mifuniko iko mahali pake. Nani anataka meza zile ziondoke? Mtu anashuka kwenye mwendokasi saa kumi na mbili na nusu jioni, foleni imemmaliza, adhana inamkutia palepale kwako, anapewa tende na kikombe cha uji kabla hajauliza bei. Mtaa huu bila meza zile Ramadhani haijafika.

[11:40] Mama Salma Vitumbua: Inshallah. Basi mifuniko ishikwe na watu wazima, si watoto.

[11:52] Baba Kelvin: Mfuniko wa mara ile ulikuwa mbovu tangu zamani. Usisingiziwe usafi.

[11:53] Fundi Side: Mfuniko ulipasuliwa na lori la kokoto. Lori la nani tusitaje.

[11:55] Baba Kelvin: Fundi kama una neno lisema. Fremu zangu zina kibali.

[11:58] Fundi Side: Kibali sijakigusa kaka. Mimi niliingia kwenye lile kalavati kwa tumbo. Maji yanaleta chupa, vifuu vya madafu, majani ya mwembe, kokwa za embe za Desemba. Maji hayaleti zege. Mle ndani kuna zege na vipande vya tofali, vimeziba nusu ya njia.

[12:01] Baba Kelvin: Na hela za taa je? Tulichanga wote, nguzo iko gizani mpaka leo. Mweka hazina si alikuwa huyuhuyu anayetaka elfu tatu?

[12:03] Mama Nasra: Baba Kelvin, daftari lipo na risiti ya waya ipo, njoo uisome. Fundi aliyepotea na taa nani alimleta?

[12:04] Baba Kelvin: Ujumbe huu umefutwa

[12:04] Hamisi Boda: Nimeusoma kabla haujafutwa 🙈

[12:05] Mama Nasra: HAMISI.

[12:30] Neema Mpangaji: Samahani, mimi mgeni kidogo mtaani. Si daraja jipya la Jangwani linajengwa? Likiisha si mafuriko basi?

[12:44] Fundi Side: Dada, daraja litavusha magari. Maji ya huku kwetu yanatoka kwenye mabati yetu na vyoo vyetu, yakikosa kalavati yanageukia vyumbani. Hujaona Jangwani ikifungwa? Mwendokasi haivuki, watu wote wanaachwa huku Mapipa. Wauza miavuli hujui wametokea wapi. Kule vijana wanavusha abiria kwa mikokoteni, kichwa kwa hela, mama wa watu na kitenge chake ameshika viatu mkononi. Bodaboda bei mara mbili.

[12:46] Hamisi Boda: Mara mbili ni haki, injini ikinywa maji nani ananilipa?

[12:47] Zawadi: Mara mbili? Mwaka jana ulinitoza mara tatu Hamisi

[12:48] Hamisi Boda: Ulikuwa na begi 😂

[12:49] Mama Salma Vitumbua: 😂😂 begi nalo linalipa nauli

[12:58] Mama Nasra: Tope, jamani. TOPE. Gari la kubebea.

[16:20] Mama Nasra: Waliotoa mpaka sasa: Mama Salma, mimi mwenyewe, mwenye duka la Luku. Basi.

[18:57] Bi Kidawa: Shikamooni wakubwa zangu, ni Aisha mjukuu wake. Bibi amesomewa yote tangu asubuhi. Anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze.

[19:04] Bi Kidawa: Waambie nimewasikia. Desemba 2011 wengi wenu mlikuwepo, msijifanye wageni. Maji yalifika kwenye kitasa. Wenzetu wa bondeni walipelekwa Mabwepande, wapo ambao sijawatia machoni tena. Sisi tukajiona tuko juu. Juu gani? Baba Kelvin, marehemu mama yako tulimpandisha kwenye bati langu, na aliyempa mgongo ni baba yake Side. Leo nyie mnarushiana lori na taa mbele za watoto. Sitaki kulisikia tena. Zege litolewe na mwenye nyumba iliyo karibu nalo, awe amelileta au hakulileta. Meza ya Mama Salma ije barazani kwangu mpaka mifuniko ikae sawa, hata mwezi mzima. Elfu tatu sina. Uji wa asubuhi wa watu wote utatoka kwangu.

[19:05] Mama Salma Vitumbua: Shikamoo Bibi. Allah akuzidishie.

[19:06] Hamisi Boda: Shikamoo Bibi.

[19:31] Fundi Side: Shikamoo Bibi. Nimesikia. Ya lori nimeyaacha.

[20:48] Baba Kelvin: Shikamoo mama. Jumamosi nitaleta kijana mwenye nyundo ya kuvunjia zege. Mengine nitakuja kuongea na wewe mwenyewe, si humu.

[20:52] Bi Kidawa: Bibi anasema marahaba. Uje kabla ya Jumamosi.

[20:53] Mama Nasra: Asante sana Bibi. Asante Baba Kelvin. Na ile elfu tatu?

[21:10] Mama Nasra: Baba Kelvin?

[21:37] Mjumbe: Habari za jioni, ndio nafungua simu sasa hivi. Wazo zuri. Kesho nitapita ofisi ya serikali ya mtaa niulize kama kuna machepe na glavu za kuazima. Siahidi.

Ijumaa

[05:58] Zawadi: Mama Nasra nimetuma elfu mbili, ya kutolea imo humohumo. Jumamosi niko zamu, namtuma mdogo wangu.

[06:03] Mama Nasra: Nimeiona, elfu moja utaimalizia. Haya, tope. Mwenye kumjua mtu wa guta aseme leo kabla ya swala ya Ijumaa. Bila guta sifunui hata mfuniko mmoja.

[10:15] Hamisi Boda: Kuna jamaa yangu Kigogo ana guta la mchanga. Anataka elfu kumi kila safari, na kupakia mnapakia wenyewe.

[10:17] Mama Nasra: Safari ngapi?

[10:40] Fundi Side: Tope lile si chini ya nne.

[10:44] Mama Nasra: Basi ni elfu arobaini na mkononi sina hata nusu yake. Hamisi mwambie aje saa mbili, safari ya kwanza nailipa mimi. Za pili mpaka nne, milango iliyobaki mnajijua.