Acheni kusema bustani za Nairobi zimeisha sarafu. Nyinyi ndio mnazifunga kwa mashimo yenu

#1

Wadau wa detekta, hizi mashine za kusikia metali chini ya ardhi, leo sipaki mafuta. Haipiti wiki bila mtu kuja hapa kulia kwamba Jeevanjee imesafishwa, City Park imeisha, Uhuru Park imebaki vifuniko vya soda tu. Halafu pitia hizo bustani uone: nyasi zimefukuliwa kama shamba la fuko, takataka iliyotolewa imeachwa papo hapo, na shimo lenyewe liko wazi linangoja mguu wa mtoto. Sarafu hamjazimaliza. Mlichomaliza ni uvumilivu wa wanaotunza hizo bustani, na siku askari wa kanjo, wale wa kaunti, wakiamua kila mwenye detekta ni mharibifu, hawatauliza nani alifukia na nani aliacha.

Hilo la "imeisha" ni uvivu. Bustani iliyopitiwa na wengi si bustani tupu. Karibu wote mnaipita kwa mtindo mmoja: diskrimineshoni (ule mpangilio wa kunyamazisha takataka) juu, mnasikiliza sauti nyembamba peke yake, mkono unapepeta mbio, koili (lile duara la chini ya mpini) iko sentimita tano juu ya nyasi na mwisho wa kila mkupuo wa mkono mnaiinua hewani. Wakipita hamsini namna hiyo, amepita mmoja tu.

Na mnajua mnatafuta nini lakini? Rupia ya fedha ya India, gramu 11.66, fedha asilimia 91.7, ilitumika hapa mpaka 1920. Hiyo inalia hata kwenye mashine ya bei ya chini, kwa hiyo iliyokuwa juu imeshaokotwa. Lakini senti kumi ya Afrika Mashariki na Uganda, ile ya shaba-nikeli yenye tobo iliyoanza 1907, inasoma namba ya chini kwenye skrini, pamoja na karatasi ya sigara na kipete cha kopo. Ukizima karatasi ya sigara umeizima na yenyewe. Shilingi ya simba na milima ndiyo inawachanganya zaidi. Kuanzia 1921 hadi 1946 ilikuwa na robo fedha, na kuanzia 1948 ikawa shaba-nikeli tupu. Simba yule yule, namba tofauti kwenye skrini. Mtu ameweka mashine yake isikie ile ya 1922, anaipita ya 1948 bila habari, kisha anaandika hapa eti hakuna kitu.

Msiniulize "shilingi inasoma ngapi". Namba ya mashine moja si namba ya nyingine: kuna skrini za 0 hadi 99, kuna za kuanzia chini ya sifuri hadi 40. Nunua sarafu tano sita zilizochakaa: thumuni (senti hamsini), ndururu (senti tano), senti kumi ya tobo, shilingi ya kabla na ya baada ya 1948. Zipitishe chini ya koili yako zikiwa bapa, kisha zikiwa zimesimama wima, andika namba kwenye karatasi, uibandike kwenye mpini. Basi.

Vifuniko vya soda na bia ndivyo vinavyowatoa jasho, naelewa, na hapa kuna la kusema. Kifuniko ni chuma chembamba cha mviringo, na huo mviringo pamoja na mpako wake huidanganya mashine isome juu, mahali pa sarafu nzuri. Ukipata mlio wa juu usikimbilie kisu. Kwanza geuka, upitishe koili tena kwa pembe mraba na mara ya kwanza: sarafu iliyolala bapa inabaki na namba yake au inayumba kwa moja au mbili, kifuniko kinarukaruka. Kisha vuta koili nyuma polepole mpaka ncha yake ya mbele iwe inaaga ile shabaha. Sarafu hufifia na kunyamaza. Kifuniko, kabla ya kunyamaza, hukoroma sauti ya chuma. Kama mashine yako ina mpangilio wa kusukuma vifuniko kwenye sauti ya chuma, upandishe kidogo tu, kwa sababu ukiupandisha sana utazika pia sarafu iliyolala karibu na msumari. Na karibu na msumari ndiko zilikobaki.

Ndiyo, misumari. Sarafu iko sentimita kumi chini, msumari umelala sentimita tano juu yake kidogo pembeni: koili kubwa inaviona vyote viwili kwa pamoja na chuma kinashinda. Dawa ni koili ndogo, ya inchi 6, mwendo wa pole, na kupita sehemu ile ile mara mbili kwa pande zinazokatana. Piga kamba, njia ya mita moja upana, kila mkupuo ufunike nusu ya uliotangulia. Ukimaliza kutoka Kaskazini kwenda Kusini, anza tena Mashariki kwenda Magharibi. Sarafu iliyosimama wima, au iliyojificha nyuma ya msumari, mara nyingi inasikika upande mmoja tu. Hii ni kazi ya mraba wa mita tatu kwa tatu kwa asubuhi nzima. Mnaotaka kumaliza Central Park kabla ya chai, endeleeni kulia.

Udongo nao. Parklands, Karura na pande hizo ni udongo mwekundu, umejaa oksidi za chuma. Ukielekea South B na Embakasi ni udongo mweusi wa pamba. Kwenye mwekundu mashine inayosikia sarafu sentimita 25 hewani inaweza kufika 12 tu, pengine 15. Nyinyi dawa yenu ni kupandisha sensitiviti (wepesi wa mashine kusikia) mpaka mwisho, mashine inaanza kubwabwaja, mnaizibia masikio. Fanyeni kinyume: tafuteni kipande kisicho na chuma, sawazisheni mashine na udongo kwa kuipandisha na kuishusha koili hadi inyamaze, kisha shusheni sensitiviti mpaka ikae kimya. Mashine tulivu kwa sensitiviti ndogo inafika chini zaidi ya inayopiga kelele. Mkihama kutoka nyasi kwenda njia ya murram, sawazisheni upya. Nyaya za umeme na minara ya simu zikisumbua, badilisheni masafa, na simu itoke mfuko wa upande wa koili. Wawili mkiwa na mashine za aina moja, kaeni mbali, mita kumi na tano hivi.

Udongo mweusi una tabia yake: kiangazi unapasuka, sarafu inatumbukia kwenye ufa, mvua ikija ufa unafumba. Ndiyo maana unaweza kukuta ya juzi chini ya ya zamani. Msiseme "tabaka limevurugwa" kila mara.

Uhuru Park ilifunguliwa 1969, na ukarabati ulioanza 2021 ulihamisha udongo mwingi. Penye udongo uliomwagwa upya, tabaka la zamani liko chini zaidi ya uwezo wa koili yako. Hapo mtaokota shilingi za twiga za 2018 na mtalaumu nani?

Kuna na wale wanaouziwa mashine "inayoona dhahabu mita kumi", yenye antena mbili. Jamani. Detekta hutuma uga wa sumaku, uga unafifia kwa mchemraba wa umbali ukienda, na mwangwi unafifia hivyo hivyo ukirudi. Ukiongeza kina mara mbili, ishara inapungua mara 64. Hakuna antena ya kukwepa hesabu hiyo. Na wanaoambiwa mitandaoni kwamba sarafu fulani inanunuliwa kwa mamilioni: shilingi ya robo fedha ina gramu 7.78, yaani fedha isiyofika gramu mbili. Tapeli atakuomba "ada ya usajili" kabla ya kukuonyesha mnunuzi. Waliodanganywa hivyo ndio wanaoingia bustanini na jembe.

Sasa mashimo, kwa herufi ndogo ili msome vizuri.

Bana mlio kwa pinpointa kwanza, kile kijidetekta cha mkononi kinachoonyesha mahali hasa. Kama iko ndani ya sentimita tano, huhitaji shimo: bisibisi butu, sukuma nyasi kando, kiinue kitu. Kama iko chini, tandika gunia kando. Kata pande tatu tu za mraba wa sentimita 15, kina cha sentimita kumi, upande wa nne uache uwe bawaba. Kunja pande la nyasi likiwa na mizizi yake yote. Pitisha pinpointa kwenye pande lenyewe kabla ya kuendelea kuchimba, maana mara nyingi sarafu imeng'ang'ania humo. Udongo wote uende kwenye gunia, hakuna punje kwenye nyasi. Ukishatoa, pitisha pinpointa tena, kwa sababu kifuniko huweza kukaa juu ya sarafu. Rudisha udongo, funga bawaba, kanyaga, mwagia maji. Takataka mfukoni, hata kama ni karatasi ya peremende. Mkiona utepe wa plastiki wa onyo, waya au mfereji, simameni. Kuna taa na mabomba ya maji chini ya hizo nyasi. Na mizizi ya mti haikatwi, sijali mlio ni mtamu kiasi gani.

Halafu sheria, ambayo mnajifanya hamuijui. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale. Kutafuta vya namna hiyo kunataka leseni, na ukikumbana na kitu cha umuhimu wa kiakiolojia una siku saba kuwapa taarifa Makavazi, pamoja na mahali hasa kilipokuwa. Reli ilifika Nairobi 1899, kwa hiyo sehemu kubwa ya mnachookota ni cha baadaye, lakini pesa ya Mombasa ya 1888 yenye mizani, au rupia ya Victoria iliyoingia nchini kabla ya 1895, inaweza kuwapeleka mahali. Ruhusa ya bustani za kaunti ombeni kwa maandishi, mtembee na nakala. Arboretum na Karura ziko chini ya KFS, shirika la misitu la Kenya, huko askari wa kanjo hana la kuwapa. City Park kuna makaburi, ndiko walikozikwa mpigania uhuru Pio Gama Pinto na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais. Karibu na hapo detekta izimwe kabisa.

Na mkishapata, acheni kusugua kwa ndimu. Ngozi ya kijani au kahawia kwenye senti ya shaba ndiyo mkusanyaji anayolipia. Maji safi, brashi laini, inatosha. Senti za alumini za 1907 na 1908 msizitie kwenye magadi hata kidogo, magadi hula alumini.

#2

Mkuu, kwa mashimo niko nyuma yako. Kwa udongo mwekundu umeacha jambo. Koili ndogo haisaidii kwenye misumari peke yake, inaona udongo kidogo kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata ule uchafu wa oksidi unaousikia unapungua. Inapoteza kina hewani lakini kwenye mwekundu tofauti si kubwa mnavyodhani.

Pia waambie kuhusu vipande vya matofali na mahali palipowashwa moto. Udongo uliochomwa unakuwa na usumaku, na kokoto za murram hivyo hivyo, unapata mlio mfupi mkali unaopotea ukipandisha koili sentimita chache. Sarafu ikipandishiwa koili hufifia taratibu.

Na wale wanaoleta mashine za palsi (zinazotuma umeme kwa mapigo) kutoka kwa wachimba dhahabu wa Migori: kweli haijali udongo mwekundu, lakini haiwezi kutenga chuma vizuri. Jeevanjee utachimba msumari mpaka wahubiri wa saa saba waanze kukuombea.

#3

Mnakuza mambo. Nyasi zenyewe ni za Kikuyu, zinatambaa na kufunika kila kitu. Shimo dogo litajifunga lenyewe.

#4

Ndugu wa #3, wewe ndiye niliyekuwa nakuandikia. Nyasi ya Kikuyu inatambaa juu ya udongo, haitambai juu ya shimo. Shimo wazi kwenye udongo mweusi linajaa maji Aprili, kingo zinabomoka, na kufika Julai una kishimo kikavu chenye ukubwa wa sufuria. Na lile pande ulilolikata pande zote nne ukalitupa ubavuni linakauka kwa siku mbili za jua.

Nyasi za Kikuyu pia zinajenga godoro nene, koili yako inaelea sentimita tatu nne juu ya udongo hata ukidhani imegusa. Fuata zilipofyekwa karibuni. Ngoja siku mbili tatu baada ya mvua: udongo una unyevu wa kutosha mlio uwe safi, lakini haugandi kwenye kisu. Januari na Februari, na kiangazi chote, usikate pande kabisa. Bisibisi peke yake, sentimita tano, na kilicho chini zaidi kiwekee alama kwenye ramani ya simu, urudi mvua za Machi zikianza, na nusu lita ya maji kwa kila shimo.