Hivi "anko amewatoa jela" ni maneno ya kumwambia mtu nyumbani kwake??

Wakuu natype mikono inatetemeka, wageni ndo kwanza wametoka getini. Simtaji jina, mnamjua, kila ukoo unaye, yule shemeji anayekuja mikono mitupu anaondoka na ndoo ya pilau, halafu ni fundi wa kila kitu kuanzia jenereta mpaka ndoa za watu.

Iko hivi. Nina desktop ya zamani nimeiwekea Jellyfin, ile programu ya kurusha muvi zako mwenyewe kwenye TV na simu za nyumbani, na diski ya TB 2, nyumba nzima tunaangalia humo bila kula bando. Watoto wana akaunti yao, wanaona katuni tu, na nimeweka tiki kwamba muvi isiyo na alama ya umri isitokee kwao kabisa. Huyu bwana akaomba akaunti ya wakubwa nikampa, ila kwenye vifaa nikaondoa ile ruhusa ya vifaa vyote nikamwachia simu yake tu. Nikamwambia kwa mdomo wangu, shemeji, TV ya sebuleni ni ya watoto. Akasema hamna shida.

Leo nimetoka kununua soda. SODA! Dakika tano. Narudi mazombi yanatafuna mtu sebuleni, sauti inafika mpaka kwa balozi, mwanangu wa mwisho ana miaka mitano kajificha nyuma ya kiti cha babu yake, na huyu mtu kashika rimoti juu kama kabeba Kombe la Dunia. Appu ilimkatalia, akafungua brauza ya TV, anwani ya seva, yaani ile desktop yangu, akaitoa kwenye simu yake na ile namba ya poti 8096 mwishoni, akaingia na jina lake. Namuuliza shemeji vipi tena, hata hanijibu, anawageukia watoto: "Anko amewatoa jela!"

Sebule nzima kicheko. Baba mkwe kacheka. Mke wangu, MKE WANGU, kacheka mpaka kaweka sahani chini.

Jela! Mimi niliyekesha wiki nzima napanga katuni moja moja ndo askari magereza? Na sasa hivi mtoto hataki kwenda chooni peke yake, aliyewatoa jela yuko kwenye bajaji na pilau langu.

Fundi_Waya: Pole mkuu ila umejitakia. Pale kwenye vifaa wameandika kabisa kwamba haizuii brauza. Hukusoma.

Mleta uzi: Nisome nini wakati mtu anawaambia wanangu wako jela mbele ya baba mkwe??

MamaPacha: Anko amewatoa jela 😂😂😂 nisamehe kaka yangu nimeshindwa

Dogo_Temboni: Si uzuie IP ya TV kwenye seva, biashara imeisha

Fundi_Waya: @Dogo_Temboni na watoto waangalie wapi, ukutani? Mleta uzi, mpunguzie maktaba, yaani yale mafungu ya muvi anayoruhusiwa kuona, kwenye akaunti yake, hiyo inafuata mtu popote atakapoingilia, iwe appu iwe brauza. Mwachie katuni tu.

Mleta uzi: Nimeshaifuta akaunti yote. Ila lile neno siwezi kulifuta. JELA. Mbele ya babu yao!

Bwana_Kisamvu: Soda ulienda kununua mwenyewe una watoto nyumbani? Hapo ndo uliharibu

MamaPacha: Nyie wanaume mnalia muvi, mimi wifi yangu kagawa nenosiri la waifai mtaa mzima. Jioni vijana wamejipanga ukutani kwangu kama wanasubiri mwendokasi, nikiuliza naambiwa "dada alituruhusu"

Dogo_Temboni: Wifi kagawa waifai 🤣🤣

Bwana_Kisamvu: Afadhali wewe. Mama mkwe wangu kila nikizuia simu ya mtoto usiku anampa ya kwake, asubuhi mtoto anasinzia shuleni, naitwa mimi na mwalimu

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye hoja, mtu kaniita askari magereza

Fundi_Waya: @MamaPacha badilisha nenosiri, halafu wifi muwekee mtandao wa wageni, ruta nyingi zinao

MamaPacha: Nikibadilisha atamlilia kaka yake, na kaka yake ndo analipia

Dogo_Temboni: Hiyo ruta yako ni ya laini au faiba?

MamaPacha: Faiba. Kwa nini, na wewe unakaa karibu?